Asiyekiri Kosa Asamehewe Nini?

Miongoni mwa mambo yaliyowashughulisha mno wafuatiliaji wa sheria na siasa za ulimwengu ni ombi ambalo Bwana Benjamin Netanyahu, akiwa Waziri Mkuu wa Israeli, alimpelekea Rais wa nchi hiyo, Bwana Isaac Herzog. Ofisi ya Rais ililitangaza ombi hilo tarehe 30 Novemba 2025. Kiongozi huyo aliomba asamehewe mashtaka ya ufisadi kabla ya mahakama kutoa hukumu. Wengi walikimbilia kuuliza iwapo atasamehewa au hatasamehewa. Ni swali la haki. Lakini mimi, ambaye kazi yangu ni kufundisha isimu, naona lipo swali linalolitangulia hilo, nalo ni hili: atasamehewa nini?

Kwanza tuyaweke mambo mezani ili msomaji asiyeyafuata tangu mwanzo asiachwe nyuma. Uamuzi wa kumshtaki Bwana Netanyahu ulitangazwa Novemba 2019, na kesi ikafunguliwa Jerusalem mwezi wa Mei 2020. Hapakuwa kabla yake waziri mkuu wa Israeli aliyeshtakiwa akiwa bado madarakani. Mafaili ni matatu. La kwanza, linaloitwa Kesi 1000, lahusu zawadi za sigara kubwa na mvinyo wa thamani kutoka kwa matajiri. La pili, Kesi 2000, lahusu mazungumzo na mwenye gazeti kubwa la nchi hiyo kuhusu kuandikwa kwa wema. La tatu, Kesi 4000, ndilo zito zaidi, kwani ndani yake mna shtaka la hongo: inadaiwa kwamba kampuni ya simu ilifanyiwa hisani na serikali, na tovuti ya habari ya mwenye kampuni hiyo ikamlipa kiongozi kwa habari za kumpendeza. Katika mafaili mengine mashtaka ni ya ulaghai na kuvunja uaminifu. Mshtakiwa amekana yote. Alianza kutoa ushahidi wake mwenyewe Desemba 2024, zaidi ya miaka minne baada ya kesi kufunguliwa. Wahenga walisema kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo, na matumbo ya Waisraeli, wanaompenda na wasiompenda, yalikuwa yameumia kweli kweli.

Ombi lenyewe halikuja kimyakimya. Tarehe 13 Oktoba 2025, Rais Donald Trump wa Marekani, akihutubia bunge la Israeli, alimtaka Rais Herzog hadharani amsamehe Bwana Netanyahu. Mwezi uliofuata akamwandikia barua kuhusu jambo lilo hilo. Kisha ndipo mawakili wa mshtakiwa wakapeleka ombi. Hoja yao kuu ilikuwa kwamba kesi inaigawa nchi na kumshughulisha kiongozi wakati wa hatari, na kwamba kuimaliza kungeleta umoja. Hawakusema kwamba mteja wao alikosa. Hawakusema kwamba anajuta. Wala hawakuahidi kwamba angejiuzulu. Kiongozi wa upinzani, Bwana Yair Lapid, alijibu papo hapo kwamba hapawezi kuwa na msamaha pasipo kukiri hatia, kujuta, na kuondoka katika siasa.

Hapa ndipo mwanaisimu anapoinua mkono. Kitenzi "kusamehe" katika Kiswahili hakisimami peke yake. Chahitaji mtu wa kusamehe, mtu wa kusamehewa, na jambo linalosamehewa. Twasema: "Mama alimsamehe mwanawe utundu wake." Tukisema tu kwamba mama alimsamehe mwanawe, msikilizaji huuliza mara moja, "Kwani alifanya nini?" Swali hilo halitokani na udadisi wa mtu, linatokana na kitenzi chenyewe, kwa sababu ndani yake mmefichwa kosa. Mtu akija akasema, "Nisamehe, ila sikukosa neno," amesema maneno mawili yanayosukumana. La kwanza lataka kosa, la pili lalikanusha. Anachoomba mtu huyo ni kuondolewa kesi, na kuondolewa kesi si kusamehewa.

Mwaka mmoja niliwapa wanafunzi wangu maneno matano wayapange: mtuhumiwa, mshtakiwa, mkosaji, mhalifu na mfungwa. Waliyapanga haraka, wakadhani kazi imekwisha. Nikawauliza, ni yapi kati ya hayo yanayotueleza alichofanya mtu, na ni yapi yanayotueleza alichofanyiwa? Hapo pakawa na kimya. Mtuhumiwa, mshtakiwa na mfungwa ni nomino zilizotokana na vitenzi vya kutendwa. Mtuhumiwa ametuhumiwa na wenzake, mshtakiwa ameshtakiwa, mfungwa amefungwa. Maneno hayo hayasemi lolote juu ya mkono wake mwenyewe. Mkosaji, kwa upande mwingine, ni mtenda: yeye ndiye aliyekosa. Katikati ya mshtakiwa na mkosaji pana mto mpana, na daraja pekee la kuuvuka ni hukumu ya mahakama au ulimi wa mwenyewe unaokiri. Lugha yetu iliyajua hayo kabla ya wanasheria kutufundisha.

Msomaji asidhani kwamba haya ni mambo ya darasani tu. Sheria ya Msingi ya Israeli kuhusu Rais, iliyopitishwa mwaka 1964, yampa Rais uwezo wa kuwasamehe "wakosaji". Je, mtu ambaye hajahukumiwa ni mkosaji? Swali hilo lilifika mbele ya mahakama kuu ya nchi hiyo mwaka 1986. Miaka miwili kabla yake, Aprili 1984, basi namba 300 lilikuwa limetekwa, na wawili kati ya watekaji, waliokamatwa wakiwa hai, wakauawa mikononi mwa maofisa wa usalama. Kisha kisa kikafunikwa kwa uongo. Kilipofichuka, Rais wa wakati huo aliwasamehe mkuu wa idara hiyo ya usalama pamoja na wenzake kabla hata hawajashtakiwa. Majaji wawili kati ya watatu walisema kwamba neno "mkosaji" laweza kumhusu hata yule ambaye hajahukumiwa. Wa tatu, Jaji Aharon Barak, alikataa: kwake, mkosaji hawezi kuwa ila yule aliyepatikana na hatia. Mzozo mzima wa dola ukawa umesimama juu ya maana ya neno moja! Na Rais aliyetoa msamaha ule wa 1986 alikuwa Chaim Herzog, baba mzazi wa Isaac Herzog. Ombi la 2025 lilimfikia mtoto wakati kielelezo pekee kikubwa cha kumwongoza ni kile alichokiacha baba yake.

Lakini vielelezo havifanani kwa kila hali. Katika kisa cha 1986 mkuu wa idara aliondoka kazini. Msamaha ulikuwa na bei, nayo ililipwa. Ombi la 2025 liliomba msamaha bila bei yoyote: hatia haikukiriwa, na kiti hakikuachwa. Hiyo ndiyo sababu, kwa mizani yangu, uwezekano wa msamaha kamili wa namna iliyoombwa ni mdogo, ijapokuwa sheria haiufungii mlango. Mimi si mtabiri, na kauli ya mwisho ni ya Rais wa nchi ile. Ninapima tu uzito wa vitu vilivyowekwa mezani. Lililo karibu zaidi na akili ni mapatano, yaani pande mbili zikutane katikati, mshtakiwa akubali sehemu fulani ya makosa na mashtaka mengine yapunguzwe. Jambo hilo liliwahi kujaribiwa. Mwanzoni mwa mwaka 2022 palikuwa na mazungumzo ya namna hiyo kati ya mawakili wake na Mwanasheria Mkuu wa wakati huo. Yalivunjika. Kikwazo kikubwa kilikuwa sharti la kukubali kwamba makosa yake ni ya aibu kwa maadili, kwani mtu mwenye doa hilo katika sheria yao huzuiwa asishike wadhifa kwa miaka 7. Mara nyingine tena, neno moja likawa zito kuliko kifungo.

Tuitazame Marekani nayo, maana ndiyo inayotajwa na kila mtetezi wa misamaha. Tarehe 8 Septemba 1974, Rais Gerald Ford alimsamehe mtangulizi wake, Richard Nixon, ambaye alikuwa hajashtakiwa. Hoja ya Ford ilikuwa ile ile ya kuponya taifa. Wananchi walikasirika, na miaka miwili baadaye akashindwa katika uchaguzi. Hata hivyo wakati ulipopita wengi walibadili mawazo, na mwaka 2001 Ford akatunukiwa tuzo ya ushujaa iliyopewa jina la John F. Kennedy. Basi hoja ya umoja si hoja ya kudharauliwa. Kuna nyakati ambapo kesi ya mkubwa hugeuka donda linaloinyima nchi usingizi, na aliye na uwezo wa kulifunga asilaumiwe akifikiria kulifunga.

Ila wanaotaja kisa cha Nixon husahau mambo mawili. La kwanza, Nixon alikuwa ameshajiuzulu, tarehe 9 Agosti 1974. Hakusamehewa akiwa amekalia kiti. La pili, Ford alikuwa na desturi ya kubeba katika pochi yake kipande cha hukumu ya Mahakama ya Juu ya Marekani ya mwaka 1915, katika kesi ya mhariri mmoja wa gazeti aliyeitwa Burdick. Mhariri huyo alikataa kutaja waliompa habari. Rais Wilson akampa msamaha ili asiwe na kisingizio cha kunyamaza. Burdick akaukataa msamaha wenyewe, na mahakama ikamuunga mkono, ikieleza kwamba msamaha hubeba tuhuma ya hatia, na kuupokea ni kukiri. Ford alijifariji kwa kauli hiyo: Nixon aliyepokea msamaha alikuwa, kwa kuupokea, amekiri. Nakubali kwamba wanasheria wanabishana hadi leo kuhusu nguvu ya kauli hiyo. Lakini tazama jinsi inavyolingana na sarufi yetu: huwezi kupokea msamaha kwa mkono mmoja huku ukilisukuma kosa kwa mkono mwingine.

Nchini Ufilipino mambo yalikwenda kwa mpangilio tofauti. Katiba yao hairuhusu msamaha ila baada ya hukumu ya mwisho. Rais wa zamani, Joseph Estrada, alihukumiwa Septemba 2007 kwa uporaji wa mali ya umma, na mwezi uliofuata Rais Gloria Arroyo akamsamehe. Hukumu ilisomwa, hatia ikajulikana, ndipo rehema ikaja. Utaratibu ulikuwa mwema. Lakini matokeo? Mwaka 2010 Estrada aligombea urais akawa wa pili, na mwaka 2013 akachaguliwa kuwa meya wa Manila. Kisa hiki kinatufunza kwamba hata msamaha uliofuata njia iliyonyooka waweza kumrudisha mtu mezani alikotolewa. Ndiyo maana sharti la kuondoka katika siasa haliwi ukatili. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Sasa turudi nyumbani, maana mwenye macho haangalii ya jirani tu. Katiba yetu ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 133, yampa Rais uwezo wa kutoa msamaha kwa ushauri wa kamati maalum. Katika kamati hiyo mna Mwanasheria Mkuu, waziri anayehusika na magereza, na wajumbe wengine wasiopungua watano. Na msamaha wenyewe, Katiba yasema, hupewa mtu aliyepatikana na hatia. Waliotuandikia Katiba walilifunga tundu ambalo Waisraeli walilibishania mwaka 1986. Kwetu, mshtakiwa hasamehewi. Anasubiri hukumu. Kwa lugha ya wanafunzi wangu, yeye bado yuko ng'ambo ile ya mto.

Je, tuna haki basi ya kujipiga kifua? Sidhani. Kwetu mkubwa hahitaji msamaha, kwa sababu kuna mlango mwingine, nao ni kuondolewa kwa mashtaka. Zamani Mwanasheria Mkuu aliweza kusimamisha kesi kwa kalamu yake, na hakimu akanyamaza. Katiba ya 2010 iliurekebisha mlango huo. Kifungu cha 157 chataka Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma apate ruhusa ya mahakama kabla ya kuondoa kesi, na azingatie maslahi ya umma na haki. Hata hivyo, baada ya uchaguzi wa mwaka 2022, kesi kadhaa za wanasiasa waliokuwa upande ulioshinda ziliondolewa moja baada ya nyingine. Iliyojulikana zaidi ni ile ya Bwana Rigathi Gachagua, aliyekuwa Naibu Rais wakati huo, iliyohusu zaidi ya shilingi bilioni 7, nayo iliondolewa kwa ruhusa ya mahakama Novemba 2022. Sisemi kwamba alikuwa na hatia. Aliyakana mashtaka, na hakuna mahakama iliyompata na kosa. Nasema kwamba wananchi walinyimwa jibu. Ikiwa ushahidi haukuwapo, kwa nini alishtakiwa? Na ikiwa ulikuwapo, ulikwenda wapi baada ya kura kuhesabiwa? Mshtakiwa mwenyewe pia alinyimwa kitu, yaani hukumu ya kumsafisha, ambayo haifanani hata kidogo na karatasi ya kufunga faili.

Ndiyo sababu nathubutu kusema kwamba kisa cha Israeli, pamoja na kasoro zake zote, kina jambo moja la kuonewa wivu. Waziri mkuu alisimama kizimbani miaka kadhaa akiwa madarakani, akaulizwa maswali na mawakili wa serikali anayoiongoza. Alipotaka kesi ikome, ilimbidi aombe hadharani, na ombi lake likasomwa na kubishaniwa na kila raia. Kuomba msamaha bila kukiri ni upungufu, lakini ni upungufu unaoonekana mchana. Kesi inayozimwa kwa kukosa ushahidi baada ya serikali kubadilika huzimwa gizani, na hakuna ajuaye amwulize nani.

Yuko mwalimu atakayeniuliza: "Daktari, haya yote yanatuhusu nini sisi tulio na chaki mikononi?" Yanawahusu kuliko mnavyodhani. Kifungu cha 133 chasema pia kwamba kamati inayomshauri Rais yaweza kuzingatia maoni ya walioathiriwa na kosa. Katika wizi wa ng'ombe twamjua aliyeathiriwa: ni mwenye zizi. Katika ufisadi ni nani? Ni mtoto anayekaa watatu katika dawati moja. Ni mwalimu anayengoja kuajiriwa hadi mvi zinamwota. Ni mzazi aliyeambiwa dawa zimekwisha. Hao hawaitwi kutoa maoni, kwa kuwa hawajui hata kwamba wao ndio walioibiwa. Lugha yenyewe imesaidia kuwapumbaza. Hongo twaiita "chai" au "kitu kidogo", kana kwamba ni adabu ya mgeni. Mlungula ukishapewa jina la kinywaji, anayeukataa huonekana hana utu.

Basi kazi ya mwalimu wa lugha katika jambo hili si ndogo. Gazeti likiandika kwamba fulani "amesafishwa", mwulize mwanafunzi: amesafishwa na nani? Na hakimu aliyesikiliza ushahidi, au na mkurugenzi aliyeondoa faili? Likiandika kwamba fulani "amesamehewa", mwulize: kosa gani, na alilikiri lini? Likimwita "mhalifu" mtu ambaye kesi yake haijasikizwa, mwulize vilevile, kwa sababu haki ya mshtakiwa ni sehemu ya somo hilo hilo. Mwanafunzi anayejua tofauti ya mshtakiwa na mkosaji hatamzomea asiye na hatia, wala hatampigia vigelegele mkosaji kwa kuwa ni wa kabila lake.

Sipingi msamaha. Dini zetu zote na mila zetu zote zautukuza, na jamii isiyosamehe ni jamii ya visasi. Lakini hata mtoto nyumbani akivunja nyungu huulizwa kwanza, na akisema "Ni mimi, nisamehe," mkono ulioinuliwa hushuka. Sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Kiongozi anayetaka kuondolewa meno ya msumeno huo ana njia mbili zilizo wazi: aende hadi mwisho wa kesi yake kama raia wengine, au akiri, ajute, na akiachie wengine kiti. Rais yeyote atakayemsamehe baada ya hapo, awe wa Jerusalem au wa Nairobi, atakuwa amesamehe kitu chenye jina. Na umma uliolipa gharama utajua angalau ni nini kilichosamehewa kwa niaba yake.